Sura ya Saba: Milizamu Iliyofichwa

Katika nyumba niliyolelewa mimi, nyumba ya mawe ya matumbawe iliyofunikwa kwa sakafu ya chokaa juu ya boriti za mikoko, palikuwa na kazi moja ambayo marehemu bibi yangu hakukubali kamwe iahirishwe, nayo ni kuzibua mlizamu kabla masika hayajaingia. Kaskazi ilipoanza kulegea na joto la mwezi wa Machi likawa halistahimiliki, alitutuma sisi wajukuu tukapande juu, tukafagie majani na vumbi na manyoya ya njiwa yaliyokusanyika katika pembe za paa, kisha tumwage ndoo moja ya maji, na mmoja wetu asimame chini uchochoroni atazame iwapo maji yale yanatoka mdomoni mwa mlizamu kwa mkondo mnene au yanachuruzika tu. Hakuridhika na neno letu kwamba tumefagia. Aliridhika alipoyaona maji. Sababu yake ni kwamba paa la namna ile halina mteremko wa haja, na mvua inayoliangukia haina pa kwendea isipokuwa tundu moja au mawili yaliyoachwa ukutani kwa kusudi. Tundu likiziba, maji hutuama, chokaa hunyonya, na boriti zilizo chini yake huanza kuoza pole pole bila ya mwenye nyumba kujua, mpaka siku aonapo doa la rangi ya chai juu ya kitanda chake.

Nimeanza na habari ya mlizamu, katika kitabu ambacho sura zake zote zahusu utunzaji wa gari kuukuu, kwa kuwa sikupata kuona mfano ulio karibu zaidi na jambo ninalokusudia kulieleza hapa, yaani dirisha lile la paa ambalo mafundi wetu na madalali wa magari huliita sanrufu, na mirija yake ya kutolea maji, ambayo wengi wa wenye magari hawajui hata kuwa ipo.

Gari ninalolitumia ni saluni ya Kijapani iliyokwisha kutembea kwao kabla ya kuteremshwa bandarini Mombasa, na kwa kuwa kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa gari lililozidi miaka minane tangu kuandikishwa mara ya kwanza, lilifika likiwa na umri wa miaka saba na miezi kadhaa, likinukia sabuni, na dirisha lake la paa likifunguka na kufungika kwa mlio mdogo kama wa mtu anayevuta pumzi. Sasa limetimiza miaka ishirini na moja. Katika muda huo nimelibadilishia matairi, breki, shokomzoba, betri na mikanda mara nisizoweza kuzihesabu, na mafuta ya injini sikupata kuyachelewesha. Lakini mpaka masika ninayoyasimulia hapa mirija ile sikuigusa hata siku moja, kwani hapana fundi aliyenitajia, wala mimi sikuuliza.

Asubuhi moja ya mwezi wa Aprili, baada ya mvua iliyonyesha tangu alfajiri, niliondoa gari chini ya mwarobaini linapolala, nikashuka nalo kuelekea njia kuu. Na nilipokanyaga breki penye makutano ya njia, maji ya baridi kadiri ya kikombe kizima yaliniangukia mapajani kutoka katika taa ndogo iliyo juu ya kioo cha mbele. Nilidhani kioo cha paa hakikufungika sawasawa, nikakibana tena. Jioni, nilipotia mkono miguuni pa abiria, zulia lilikuwa limeloa chepechepe.

Nililipeleka kwa fundi mmoja, naye, baada ya kulitazama paa kwa nje kwa muda usiozidi dakika mbili, alinihakikishia kuwa raba ya kioo imekufa, akachukua tyubu ya silikoni akaujaza ufa wote uliokizunguka kioo kile, akaulainisha kwa kidole chenye mate, akapokea ujira wake. Nia yake sina shaka nayo, na mimi mwenyewe nilimshukuru. Lakini tiba hiyo naikemea hapa kwa maneno mazito kwa kuwa hufanywa kila masika katika kila mji wa pwani, na madhara yake ni makubwa kuliko maradhi. Mvua iliyofuata ilipata upenyo palepale silikoni iliposhindwa kushikana na raba yenye vumbi, ikaingia kama kawaida yake. Na sasa dirisha halikuweza kufunguliwa tena, basi njia pekee ya kuyafikia yale matundu ambayo ndiyo asili ya taabu yote ilikuwa imefungwa kwa gundi. Mwezi wa Mei wote vioo vilikuwa vikifanya ukungu kwa ndani, harufu ya kuvu ikaota katika viti, na mwishowe makomeo ya milango yakaanza kujifungua na kujifunga yenyewe usiku wa manane, kwa sababu kiungo cha nyaya kilichokuwa chini ya zulia kilikwisha kuliwa na kutu ya kijani.

Msomaji hana budi kwanza kulifahamu jambo moja, ambalo lau ningalilijua mapema ningaliepukana na hayo yote: raba inayozunguka kioo cha paa haikutengenezwa ili izuie maji yasipite kabisa. Haiwezi, maadamu kioo chenyewe chatakiwa kiteleze na kuinuka. Raba inayobana hata tone lisipite ingalikikaba kioo kisiende. Kazi yake ni kupunguza maji na kunyamazisha upepo. Maji yanayoipita yametengewa mahali: chini ya kioo, juu ya dari ya kitambaa ambayo abiria huiona, limelazwa sinia la bati au la plastiki lenye mfereji pande zote, na katika pembe za sinia hilo, aghalabu zote nne, mna matundu yenye chuchu fupi, na kila chuchu imevishwa mrija laini wa mpira ambao tundu lake la ndani ni milimita nane hivi au kumi, yaani unene wa kidole cha mwisho cha mtoto. Miwili ya mbele huteremka ndani ya zile nguzo zinazoshika kioo cha mbele, hupita nyuma ya dashibodi, na hutokea penye bawaba za mlango, au nyuma ya ile kinga ya tope iliyo juu ya gurudumu, au ndani ya handaki la waipa, kwa kadiri kila kiwanda kilivyopenda. Miwili ya nyuma huteremka katika nguzo za nyuma, hupita pembeni mwa buti, na hutokea nyuma ya bampa au karibu na gurudumu la nyuma.

Kwa hiyo gari lenye dirisha la paa ni nyumba yenye milizamu minne, na yote minne imefichwa ukutani.

Kiasi cha maji chenyewe si kidogo kama mtu anavyodhania. Kioo cha paa cha wastani kina urefu wa sentimita 80 na upana wa sentimita 45, ambayo ni zaidi kidogo ya theluthi moja ya mita ya mraba. Na kwa kuwa kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili, mvua ya masika inayomwaga milimita 50 kwa saa hukimiminia kioo kile lita 18 katika saa hiyo moja, mbali na yale yanayotiririka kutoka sehemu nyingine za paa kila gari linapopinda au kufunga breki. Tuseme raba ni nzima na inazuia sehemu tisa katika kumi: zitabaki takriban lita mbili zinazoingia katika sinia lisilo na kina cha kuzihifadhi hata robo. Mirija ikiwa wazi, maji hayo hushuka na kutoka chini bila ya mtu kuhisi. Ikiwa imeziba, sinia hufurika, na maji huenda kule gari linakoinamia: likishuka mlima au likifunga breki humwagika mbele kwa njia ya taa na nguzo, likilazwa limeelekea mlimani hurudi nyuma, yakajaa katika shimo la tairi la akiba ndani ya buti, na mwenye gari asijue mpaka siku ya pancha.

Mtu aweza kuuliza kwa nini wahandisi wakachagua njia hii ya kuyakaribisha maji ndani kisha kuyatafutia pa kutokea. Paa la kufunguka ni jambo la zamani kwa Wazungu, ambao jua kwao ni neema ya miezi michache. Huko Ujerumani, kampuni ya Webasto, iliyoasisiwa mwaka 1901 katika mji wa Esslingen na kuhamia Stockdorf karibu na Munich mwaka 1908, na ambayo jina lake limeundwa kwa herufi za jina la mwanzilishi wake, Wilhelm Baier, pamoja na za mji huo wa Stockdorf, ilikuwa ikitengeneza mapaa ya turubai ya kukunjwa kabla ya vita vikuu vya pili. Na Volkswagen ile ndogo ya mviringo ambayo wazee wetu wanaikumbuka ilikuwa na paa la turubai la namna hiyo hata ilipoingia modeli ya mwaka 1964, ndipo likawekwa la chuma lenye mkono wa kuzungusha. Turubai likichakaa lilionekana limechakaa, na mwenyewe akajua kwamba atalowa. Chuma, na baadaye kioo, kiliifanya kazi ikawa safi na ya kupendeza, na kwa kadiri uzuri wa juu ulivyozidi ndivyo ule mpango wa maji ulivyozidi kuzamishwa ndani ya mwili wa gari, mbali na macho.

Amma kinachoziba mirija hiyo, kila mahali pana chake. Kwetu pwani gari hutafutiwa kivuli, na kivuli chetu ni mwarobaini, mkungu na mvinje. Jani la mkungu ni kubwa, hulala juu ya kioo likatupwa kwa mkono. Lakini vijani vyembamba vya mwarobaini na vijiua vyake vyeupe, na zile sindano za mvinje ambazo hukatika vipande vipande kila penye kiungo, hupenya chini ya raba bila ya shida, vikajilaza katika mfereji wa sinia, vikapokea vumbi la miezi yote ya kaskazi na chumvi inayoletwa na hewa ya bahari. Mvua ya kwanza huvigeuza vyote kuwa tope jeusi laini, na tope hilo husukumwa mpaka chuchuni. Mara nyingi, hata hivyo, uzibo haupo juu. Viwanda vingi huweka mwisho wa mrija mdomo wa mpira wenye mkato mwembamba, ambao hufunguka maji yakija na kujifunga yakiisha, ili vumbi na wadudu wasipande; na katika nchi zenye lami kila mahali sina shaka kwamba hufaa. Katika barabara zetu mdomo huo hupigwa tope na gurudumu, tope likakauka, mkato ukagandamana, na maji yaliyoshuka salama urefu wote wa nguzo yakasimama kwenye hatua ya mwisho. Pasipo na mdomo huo, nyigu wajengao kwa udongo huona tundu lililo tayari.

Kabla ya kuanza kazi yapasa mtu ahakikishe kwamba maji aliyoyaona yatoka paani kweli, kwa maana zulia la upande wa abiria lina maadui watatu au wanne. Likiloa siku ya jua kali baada ya safari ndefu yenye kipupwe, na mvua haikunyesha, basi mwenye kosa ni mrija wa kutolea maji ya kipupwe, ambao nao huziba vilevile. Yakiwa maji yenyewe yana harufu tamu na yananata vidoleni, hayo ni ya rejeta, yametoka katika kile kirejeta kidogo cha kupashia hewa nyuma ya dashibodi, na jambo hilo halitaki kungoja. Lakini doa la kahawia katika kitambaa cha dari karibu na pembe za dirisha, au tone katika taa ya juu, au unyevu unaofuata nguzo ya mbele kuteremka, hizo ni dalili za sanrufu.

Mtu aliyenifumbua macho ni fundi mzee wa upande wa Changamwe, ambaye ujana wake wote aliutumia katika magari ya Kijerumani. Nilipomfikishia gari, hakufungua sanduku lake la spana.

“Maji yanatokea wapi?” aliniuliza.

“Kwenye taa, ami, na miguuni pa abiria.”

“Huko yanakuingilia, mwanangu. Nakuuliza yanatokea wapi nje.”

Sikuwa na jawabu. Akaniambia, “Haya, tutayatafuta. Niletee kikombe cha maji.”

Kwanza, hata hivyo, tulilazimika kuitoa ile silikoni, na kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko kuzibua kwenyewe: alasiri nzima tuliikwangua kwa kipande cha rula ya plastiki na kwa kucha, kwa kuwa kisu kingaliikata raba. Dirisha lilipofunguka hatimaye, mfereji wa sinia ulionekana umejaa kama bustani. Palikuwa na mche wa nyasi uliokwisha kuota mizizi katika pembe ya kushoto. Mzee alinikataza kuusukuma uchafu ule kuelekea kwenye tundu, akaniamuru niuokote kwa vidole na kwa kitambaa kilichozungushwa kijitini mpaka bati likang'aa. Ndipo akamimina maji katika pembe moja baada ya nyingine, nusu kikombe kwa kila pembe, kwa utaratibu kama mtu anayemnywesha mgonjwa, huku mimi nimelala ubavu juu ya mchanga nikichungulia chini ya gari. Nyuma kushoto yalitoka mara moja. Nyuma kulia yalitoka kwa ajizi. Mbele kulia, tone moja moja. Mbele kushoto hayakutoka kabisa. Yalijaa pembeni yakatulia, kama yaliyo katika bakuli.

Chombo alichokitumia kuzibulia kilikuwa mshipi, mshipi mnene wa nailoni wa kuvulia jodari, wa milimita mbili hivi, ambao ncha yake aliichoma kwa kiberiti mpaka ikajikunja ikawa shanga ndogo laini. Nimejaribu tangu hapo uzi wa ile mashine ya kukatia nyasi, nao wafaa sawasawa. Na wako mafundi watumiao kebo ya zamani ya spidi. Sharti ni kwamba kitu kiwe chenye kukunjika na ncha yake isiwe kali. Waya wa kutundikia nguo, ambao ndio wa kwanza kumjia mtu mkononi, ni haramu kabisa: mrija ule una pinda mahali ambapo nguzo inakutana na paa, na waya ukifika hapo hautapinda pamoja nao, bali utautoboa au utauchomoa, na tangu siku hiyo kila mvua itamwagika ndani ya nguzo, na hapana dawa isipokuwa kuivua dari nzima. Mzee aliuteremsha mshipi huku akiusokota kati ya vidole viwili, na kila ulipokwama hakuulazimisha. Aliurudisha nyuma kadiri ya shibiri, akaumiminia maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, akangoja, akausokota tena.

Nilimuuliza kwa nini hatumii kompresa iliyokuwapo palepale, ambayo ingaliimaliza kazi kwa dakika moja. Aliniambia kwamba upepo wa kompresa ni wa matairi. Mrija umevishwa chuchuni kwa kubana tu, na kwa gari lililopita miaka kumi na tano katika joto letu mpira umekwisha kuwa mgumu, basi upepo mkali ukikuta uzibo upande wa chini hurudi juu na kuuvua mrija mahali ambapo mkono haufiki. Kwa wenye haja ya upepo aliruhusu pampu ya baiskeli iliyozungushiwa kitambaa, au kuvuta kwa mashine ya kufyonza vumbi kutoka upande wa chini, ambayo kwa maoni yangu ndiyo salama zaidi.

Upande wa mbele kushoto mshipi uliteremka urefu wote bila ya kikwazo, na maji bado hayakutoka. Mzee akatabasamu, akauzungusha usukani, akafungua vibanio vinne vya ile kinga ya plastiki iliyo ndani ya gurudumu, akaingiza mkono mpaka kiwiko. Mdomo wa mpira ulikuwa umegandamana kama jicho la mgonjwa wa macho. Aliubonyeza kwa kidole gumba na cha shahada, ukapasuka, na maji yote yaliyokuwa yamesimama katika nguzo tangu masika ya mbele yake yalitoka kwa kishindo, meusi kama wino wa ngisi, yakafuatwa na tope zito, kisha, kidogo kidogo, maji safi. Wako mafundi ambao hapo huukata mdomo ule wakautupa, na hoja yao naifahamu. Mimi naona ni bora uachwe na usafishwe, kwani aliyeukata amemfungulia nyigu mlango.

Kuzibua, basi, kulichukua saa moja na nusu. Kukausha kulichukua siku nne, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwa sababu zulia la gari likikauka juu huonekana limekwisha kupona. Chini ya zulia mna godoro la sponji lenye unene wa vidole viwili au vitatu, nalo huhifadhi maji kwa majuma mengi, na hapo juu yake ndipo nyaya zinapopita na ndipo baadhi ya viwanda vilipoona vema kuweka visanduku vya mitambo ya umeme. Tuling'oa vile vipande vya plastiki vilivyo kizingitini pa milango, tukalifunua zulia, na mzee akaukandamiza mkono wake juu ya sponji: maji yakapanda baina ya vidole vyake mpaka yakafunika pete. Alinitahadharisha nisiguse viti kabla ya kufungua betri na kungoja dakika kadhaa, kwa kuwa zile nyaya za rangi ya manjano zilizo chini ya kiti ni za mifuko ya hewa inayofumuka wakati wa ajali, na si vitu vya kuchezewa umeme ukiwapo. Kisha viti vikatoka, sponji ikaanikwa juani kama samaki wa ng'onda, milango ikaachwa wazi upepo wa kusi upite mchana kutwa, na kile kiungo cha nyaya kilichooza nikakisugua kwa mswaki na dawa ya kupulizia mpaka shaba ikaonekana. Makomeo yalirudi katika adabu yake siku ya tano.

Raba ya kioo, ambayo ilihukumiwa kuwa imekufa, ilikuwa hai. Tuliiosha kwa maji na sabuni, tukaipaka grisi ya silikoni kidogo sana kwa kitambaa, na reli za kioo vilevile. Mafuta ya injini na grisi ya kawaida hayafai hapo, kwa maana hulainisha raba ikavimba na kulegea, na hukamata mchanga katika reli mpaka mota ikashindwa kuvuta.

Ujira alioutaka mzee yule ulikuwa chini ya nusu ya ule niliolipa kwa silikoni. Nilipomzidishia alikataa, akachukua tu sehemu yake, na ule mshipi akanipa niende nao.

Tangu mwaka huo nimeufanya utaratibu wa bibi kuwa wangu. Mwezi wa Machi, kaskazi ikilegea, na tena mwanzoni mwa Oktoba kabla ya vuli, nafungua dirisha la paa, nafuta mfereji kwa kitambaa, nateremsha mshipi katika pembe zote nne, kisha namimina nusu kikombe kwa kila moja. Msimu uliopita, baada ya pembe tatu kupita salama, binti yangu aliyekuwa amechutama kando ya gurudumu na tochi ya simu mkononi alinyamaza kimya kwenye pembe ya nne.

“Vipi?” nilimuuliza.

“Yanatoka, baba, lakini yanachuruzika.”

Nikauchukua mshipi tena.